Sanduku la Maswali: Faraja Katika Yale Tunayoyasoma Kila Siku

Barua nyingi zilizotufikia hivi karibuni zinagusa jambo moja, yaani namna Mkristo anavyoweza kupata faraja na mwanga katika yale anayoyasoma siku kwa siku, yawe Maandiko, riwaya au ujumbe uliotumwa katika simu. Tumechagua chache, tukazifupisha, na tumeyaacha majina ya walioziandika.

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na Tukuyu. Kila asubuhi nasoma neno la siku katika kalenda ya kanisa letu la Moravian. Mara nyingine linanifaa, lakini mara nyingi haliambatani na mambo yanayonikabili, na nikifika darasani nimekwisha kulisahau. Hivi majuzi mwanangu alipokuwa amelazwa nilifungua kalenda nikitumaini kutiwa nguvu, nikakuta mstari unaowakemea waabudu sanamu. Je, imani yangu ina upungufu, au sijui kusoma?

Amina, Mwalimu, na pole kwa kuuguza. Hakuna upungufu wa imani hapo. Tatizo liko katika kile tunachokitarajia kutoka katika kalenda, na matarajio hayo hurekebika mtu anapojua inavyotengenezwa. Desturi hiyo ilianzia katika kijiji cha Herrnhut, Ujerumani, ambako mwaka 1728 Zinzendorf, kiongozi wa Wamoravian wa huko, alianza kuwapa ndugu zake neno moja la kushika kwa siku inayofuata. Kitabu cha kwanza chenye maneno ya mwaka mzima kilipigwa chapa kwa ajili ya mwaka 1731, na tangu hapo hakuna mwaka uliopita bila kutolewa. Wamisionari wa Moravian walipofika Rungwe mwaka 1891 walikuja na desturi hiyo, na leo inafuatwa hata na Wakristo wa makanisa mengine. Mstari wa Agano la Kale hupatikana kwa kura ya kuokota, isiyo na mtu anayechagua, huko Herrnhut miaka kadhaa kabla ya kusomwa, kisha hutafutwa mstari wa Agano Jipya unaopatana nao.

Kwa hiyo mstari ulioukuta siku ile haukuchaguliwa kwa ajili yako, wala kwa ajili ya mtu mwingine yeyote. Baadhi ya watu huvunjika moyo wakilijua jambo hili. Kwangu mimi, thamani ya kalenda iko hapo hapo, kwa sababu inatusikilizisha jambo ambalo hatukuliomba, nasi tunalisikia pamoja na watu wa nchi nyingi wanaolisoma siku ileile. Lakini kalenda haikukusudiwa kuwa mahali pa kuuliza habari za hali yako. Mtoto akiwa wodini, funga kalenda bila wasiwasi wowote, ufungue Zaburi unayoijua.

Kwa siku za kawaida nakushauri jambo moja tu: usiuache mstari peke yake, bali uende katika Biblia usome sura ulimotoka. Chukua mfano wa mstari ambao huenda ndio unaopendwa kuliko yote siku hizi, unaoandikwa katika kadi za mahafali na katika vioo vya daladala, yaani Yeremia 29:11: “Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya.” Ukisomwa peke yake unasikika kama ahadi ya kazi nzuri mwakani. Sasa rudi nyuma kidogo. Katika sura ya 28 nabii Hanania amewatangazia watu kwamba vyombo vya hekalu na mateka wote watarudi kutoka Babeli katika muda wa miaka 2, naye ameivunja nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia ili watu waone kwamba anayoyasema ni ya hakika. Bila shaka mahubiri yake yaliwafurahisha wengi. Sura ya 29 ni barua ambayo Yeremia anaiandika Yerusalemu na kuituma kwa mateka hao kwa mikono ya Elasa na Gemaria, naye anawaambia wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuozesha, na wauombee amani mji ule uliowateka. Kisha anawatajia muda: miaka 70. Mtu mzima aliyeisikia barua ile ikisomwa alitambua mara moja kwamba yeye hatarudi, na kwamba huenda wajukuu wake ndio watakaorudi.

Ahadi ya mstari wa 11 inakuja baada ya hapo, ikiwa imesimama juu ya miaka 70. Je, faraja yake imepungua? Mimi naiona imeongezeka, kwa sababu sasa inamfikia pia mtu ambaye shida yake haitakwisha mwezi huu, nayo inampa kazi ya kufanya wakati anangoja. Lakini jambo hili haliwezi kuonekana na mtu aliyeusoma mstari katika kioo cha daladala na kuishia hapo.

Kuhusu kusahau, uandike mstari pembeni mwa andalio lako la somo la siku hiyo. Utauona kila unapolifungua, na hapo si lazima uukumbuke.

Salamu katika jina la Yesu. Ninasoma chuoni Eldoret na ninapenda sana riwaya. Kiongozi wa ushirika wetu wa wanafunzi ametufundisha kwamba hadithi za kubuni ni uongo, na kwamba Mkristo aliyeokoka anapaswa kusoma Biblia na vitabu vya kiroho tu. Nimeanza kusoma riwaya kwa kujificha. Nifanye nini?

Ndugu yangu, kwanza acha kujificha, kwa maana kujificha huko kutakuletea madhara kuliko riwaya yenyewe.

Kiongozi wenu anastahili heshima, lakini mafundisho yake yanakutana na kizuizi ndani ya Biblia yenyewe. Katika 2 Samweli 12, mfalme Daudi amekwisha kumchukua mke wa Uria na kumwua Uria kwa upanga wa adui, na Nathani anatumwa kwake. Nathani hamsomei torati. Anamsimulia habari za maskini mmoja asiyekuwa na kitu ila mwanakondoo mmoja mdogo aliyemnunua na kumlea pamoja na watoto wake, akila chakula chake na kunywa katika kikombe chake na kulala kifuani pake, akawa kwake kama binti. Tajiri mwenye kondoo na ng'ombe wengi akafikiwa na mgeni, akaona uchungu kutoa katika mifugo yake, akamtwaa yule mmoja wa maskini. Hakuna tajiri wala maskini aliyekuwapo, maana habari yote imetungwa. Angalia jinsi ilivyotungwa kwa uangalifu, hata kikombe kikatajwa. Daudi, ambaye angeweza kujitetea mbele ya shtaka la wazi, anawaka hasira, anaapa kwamba mtu huyo astahili kufa na atamlipa maskini mara 4. Amekwisha kujihukumu ndipo anaposikia, “Wewe ndiwe mtu huyo.” Riwaya nzuri hufanya kazi kama ile: humfanya msomaji ahukumu au kuhurumia kabla hajajua kwamba yeye mwenyewe anahusika.

Wala usisahau kwamba Paulo alisoma vitabu vya watu wasiomjua Mungu wa Israeli. Aliposimama Areopago katika mji wa Athene alilitaja neno la mtunga mashairi wa Kiyunani, kwamba sisi sote tu wazao wa Mungu. Neno hilo limo katika shairi la Arato. Na onyo lake kwa Wakorintho kwamba mazungumzo mabaya huharibu tabia njema ni neno lililokuwa katika michezo ya kuigiza ya Menanda, Myunani mwingine. Mtu hawezi kuyanukuu maneno ambayo hakuyasikia wala kuyasoma, na Paulo anayatumia bila kuomba radhi.

Nikuongezee mfano wa karibu. Karibu mwaka 1858, katika pwani ya kaskazini, Mwana Kupona binti Msham akiwa mgonjwa alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha ambao ungali unasomwa mashuleni. Yeye ni Mwislamu, na mengi ya mafundisho yake kuhusu mke na mume yatabishaniwa na mabinti wa leo, nami sitawalaumu. Lakini ukiusoma ukikumbuka kwamba ni mama anayejua kwamba huenda hatakuwapo binti yake atakapohitaji ushauri, utaelewa jambo fulani kuhusu wosia, na hata barua ya pili kwa Timotheo utaisikia kwa namna nyingine. Tahadhari yangu ni moja: usiugeuze kuwa utenzi wa Kikristo. Mwandishi apewe haki ya kusema alichokisema. Wakristo wengi hukisoma kitabu cha kidunia kwa haraka ya kutafuta mahali pa kubandika mstari wa Biblia, na hivyo hawamsikii mwandishi, wala hawapati mwanga wowote zaidi ya ule waliokuja nao.

Kuna vitabu ambavyo utapaswa kuviweka chini, nawe utavijua kwa jinsi vinavyokuacha baada ya kuvisoma, ukiwa na dharau kwa watu au tamaa usiyotaka mtu aione. Wafilipi 4:8 inatosha kuwa kipimo. Inataja yaliyo ya kweli, ya staha, ya haki, safi na yenye kupendeza, wala haisemi kwamba yote hayo yatapatikana katika duka la vitabu vya kanisa.

Mimi ni mzee mstaafu wa Muheza. Nimesoma Biblia maisha yangu yote lakini sasa macho yamekuwa hafifu, na mjukuu wangu ndiye anayenisomea anaporudi shule. Naona kama si kusoma tena, ni kusomewa tu. Je, bado nafaidika?

Shikamoo, Mzee wetu. Unachofanya sasa ndicho walichofanya wengi wa wale walioandikiwa Maandiko hayo tangu mwanzo. Katika Matendo 8, Filipo anapolikaribia gari la yule mkuu wa Kushi, anamsikia akisoma kitabu cha nabii Isaya. Alimsikia kwa sababu, kama ilivyokuwa kawaida ya zama zile, mtu yule alikuwa akisoma kwa sauti ingawa alikuwa akijisomea mwenyewe. Na mwanzo wa Ufunuo umewatakia heri msomaji na wasikiaji wote pamoja, kwa sababu katika kusanyiko mmoja ndiye aliyekuwa na kitabu na wengine walitega masikio. Barua za Paulo nazo zilisikilizwa kuliko zilivyosomwa.

Ningependa mjukuu naye asiwe sauti tu. Mwache akwame katika majina ya wafalme, kisha umweleze, na mara mojamoja umwulize anaonaje. Yule mkuu wa Kushi alikiri kwamba hawezi kuelewa pasipo mtu wa kumwongoza, akampandisha Filipo garini, wakakaa pamoja. Kwa saa ambazo mtoto yuko shuleni, ipo Biblia ya kusikiliza kwa Kiswahili inayopatikana kwa simu, na kijana yeyote wa mtaani atakusaidia kuiweka.

Tumsifu Yesu Kristo. Mume wangu alifariki mwaka jana. Wanajumuiya wenzangu hapa Bukoba wamenipa vitabu vya kutia moyo, na vyote vinasema juu ya ushindi, kufunguliwa na kusonga mbele. Kila ninapokifungua kimojawapo najiona nimeshindwa. Sasa nimeacha kusoma kabisa, hata masomo ya Misa nayasikia tu kanisani. Je, ni dhambi?

Milele na milele, Mama. Pole sana kwa msiba. Si dhambi, na kuyasikia masomo kanisani si jambo dogo la kusemewa “tu”. Vitabu hivyo viweke kabatini. Waliokupa walikupa kwa upendo, lakini havikuandikwa kwa ajili ya mjane wa mwaka mmoja.

Ukitaka kurudi kusoma, anza na Zaburi ya 88. Ni fupi, inamwita Bwana Mungu wa wokovu wangu katika mstari wa kwanza, kisha inalalamika hadi mwisho, na neno lake la mwisho ni giza. Hakuna mstari wa ushindi uliowekwa chini yake ili kuisahihisha. Waliokusanya Zaburi waliiacha hivyo, na Kanisa limeendelea kuisali hivyo karne kwa karne.

Kisha usome Yohana 11 taratibu, ukiwatazama wale dada wawili wa Lazaro. Martha anamwendea Yesu njiani na kumwambia, “Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa.” Baadaye Mariamu anakuja na kuanguka miguuni pake, naye anasema maneno yayo hayo. Pengine walikuwa wameyasema nyumbani siku zote 4 tangu mazishi. Lakini hawajibiwi sawa. Kwa Martha, Yesu anazungumza habari za ufufuo na uzima, na Martha anaweza kujibu. Kwa Mariamu haanzi na fundisho. Anauliza mmemweka wapi, na hapo Yesu analia machozi. Waandishi wa vitabu ulivyopewa wanamjibu kila mfiwa kama Martha. Wewe mwaka huu huenda ukawa Mariamu, na Injili ina nafasi yako.

Na kama utapenda kusoma habari za maisha ya watu, chagua zile ambazo misiba haikufichwa. Biblia yetu ya Kiswahili ina habari ya namna hiyo katika chimbuko lake. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misioni cha Kianglikana, alifika Mombasa mwezi Mei 1844 pamoja na mkewe Rosina. Mwezi Juni akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Mwezi Julai Rosina alijifungua binti, homa ikampata, akafa, na mtoto naye akafa siku chache baadaye, wakazikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa wakati huo. Aliendelea na kazi, lakini barua zake hazisemi kwamba msiba ule ulikuwa mwepesi. Sikuelezi haya ili nawe uharakishe kuendelea. Nakueleza ili ujue kwamba kitabu unachokisikia kikisomwa kila Jumapili kilianza kutafsiriwa kwa lugha hii katika nyumba iliyopatwa na msiba, na kwa msaada wa jirani wa dini nyingine.

Masomo ya Misa za Jumapili yamepangwa kwa mzunguko wa miaka 3. Yale usiyoweza kuyapokea sasa yatasomwa tena.

Katika kundi letu la WhatsApp hapa Mbagala kila alfajiri unaingia ujumbe wa kutia moyo wenye mistari ya Biblia. Nitajuaje kama ni ya kweli?

Fungua Biblia utazame. Sina jibu refu zaidi ya hilo, na ndilo walilolifanya watu wa Beroya katika Matendo 17:11, ambao waliyachunguza Maandiko kila siku kuona kama aliyoyasema Paulo ndivyo yalivyo, nao wakasifiwa badala ya kuonekana wabishi. Ujumbe usiotaja kitabu, sura na mstari usiusambaze hadi umeupata. Jaribu na ule usemi maarufu, “Jisaidie nami nitakusaidia,” ambao wengi wetu tumeusikia ukinukuliwa kama neno la Mungu hata misibani. Haumo katika Biblia, kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo. Wazo lake liko katika ngano za kale za Wayunani, na kwa kumhimiza mvivu si wazo baya. Ukimwambia mgonjwa aliyelala kitandani kwamba hilo ni neno la Bwana, umemtwisha mzigo ambao Bwana hakumtwisha.

Mimi ni mwendesha bodaboda Kisumu. Nikirudi usiku nimechoka, nikifungua Biblia nasinzia. Muda wangu wa kusoma ni ule wa kungoja abiria stejini, na hapo kuna kelele. Nianzie wapi?

Ndugu, kusinzia usiku baada ya kazi ile si kosa, kwa hiyo usijiwekee saa ya usiku. Muda wa stejini unatosha ukichagua kitabu kinachoingia ndani yake. Anza na barua kwa Filemoni, yenye mistari 25, ambayo utaimaliza kabla abiria hajapatikana. Isome yote kwa mkupuo kama barua ya mtu kwa mtu, kesho uirudie, na ujiulize Onesimo, yule mtumwa anayetajwa ndani yake, alijisikiaje alipokuwa akirudi kwa bwana wake akiwa ameishika mkononi. Ukiizoea, hamia Ruthu, ambayo ina sura 4, nawe usome sura moja kwa siku. Injili ya Marko iwe ya tatu. Sura zake ni 16, habari zake ni fupi na zinakwenda mbio, na abiria akija katikati huwezi kupotea, kwa sababu karibu kila habari huishia katika ukurasa uleule. Filemoni utaipata mara baada ya Tito na kabla ya Waebrania. Ni ukurasa mmoja tu, kwa hiyo funua polepole.